Jaji Aliyetoka Kabla ya Kabati Kufunguka

Mimi hutaja majina. Aliyechoma nyumba yangu kule Molo anaitwa Joram. Alikuwa akinunua maziwa kwangu kila asubuhi, na hadi leo anatembea pale mjini na miguu yake miwili, hakuna aliyemuuliza. Aliyenipa blanketi lenye shimo kambini, tulikokimbilia baada ya moto, akamwekea dada yake lile zima, anaitwa Zipporah, na huyo tutakutana naye tena huko mbele. Sijasoma sana, niliishia darasa la sita, lakini majina ya watu hayanipotei.

Huyu ninayetaka kueleza habari zake simtaji. Nitamwita Jaji, maana ndivyo alivyoitwa na kila kwaya kutoka Njoro hadi Gilgil, hata na wale waliomchukia, nao walikuwa wengi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi akastaafu, na muda mrefu kabla ya hapo alikuwa tayari anaalikwa kuhukumu mashindano ya kuimba. Mimi aliniokota kambini. Tulikuwa tunalala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho, mimi na watoto wangu wawili, na siku hiyo nilikuwa nafua huku naimba. Si kwa furaha. Kukiwa kimya, yule mtoto mdogo alikuwa analia. Kwaya ya kanisa ilikuwa imekuja kutufariji, na yeye akatoka kwenye mstari wao, akaja akasimama kando ya karai langu, akainama, akachomoa kitu ndani ya soksi. Nikadhani ni kisu. Kumbe ni uma wa sauti, kile kichuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa sauti moja tu. Akakigonga kwenye goti, akakiweka sikioni, akanisikiliza.

"Umepanda juu kidogo," akasema. "Lakini upo."

Wengine walitujia na unga na maombi. Huyo alikuja kuniambia nimepanda juu. Nilikaa na hasira wiki nzima, halafu nikaenda mazoezini.

Ule uma ulikaa soksini miaka yote, mguu wa kushoto, na ukimwona ameinama katikati ya watu unajua kuna mtu ataumia. Alitembea pia na mto wake wa kukalia, ulioshonwa kwa kitambaa cha pazia, kwa sababu viti vya kumbi zetu ni vya mbao na mashindano ni ya kutwa. Asubuhi ya mashindano alikunywa uji usio na sukari. Ukimpa chai alikuwa anaisukuma kando na kusema chai inamfanya mtu apende kila kitu.

Mdomo wake ndio uliomjengea jina. Kwaya moja ya Njoro, watu wazima na joho zao mpya, aliwaambia, "Mmeimba kama watu wanaosukuma gari." Besi mmoja wa Bahati akaambiwa sauti yake ni nzuri sana, shida ni kwamba haijaambiwa kuna wenzake. Mke wa mchungaji mmoja, simtaji kwa sababu huyo hakunikosea, aliambiwa mbele ya mumewe, "Mama, wimbo huu uliandikiwa watu wanne. Wewe umeuimba, wale watatu wamekusindikiza." Mama wa watu akakaa chini bila kujua kama amesifiwa au ametukanwa, na ukumbi mzima ukawa unaangalia viatu.

Sasa mtu huyohuyo, ukimwona nyumbani kwake Lanet, huwezi kuamini. Mke wake alipenda chumvi kupita kiasi. Nilikula pale mara kadhaa, na githeri ya yule mama, mahindi na maharagwe, ilikuwa inakausha ulimi. Mzee anakula polepole, anashushia maji, anakula tena. Siku moja mke akaniambia kwa fahari, "Huyu wangu hana shida, hachagui chakula." Nikamwangalia Jaji. Jaji akaangalia dirishani. Mtu aliyeweza kumwambia diwani kwamba anaimba kama mlango, alishindwa miaka yote kusema neno chumvi.

Kulikuwa na mambo mengine kama hayo. Mara moja nilikosa mazoezi mfululizo, kijana wangu Brayo alikuwa na homa ya mapafu. Jaji alitoka Lanet mvua ikinyesha, akafika chumba changu mtaani Rhonda, nilikohamia baada ya kambi, amelowa mpaka kwenye mfuko wa shati. Hakuuliza habari ya mtoto. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Sauti iko wapi?" Nikamwambia sauti inauguza. Akatikisa kichwa, akaondoka, na nilipofunga mlango nikaona ameacha mfuko wa machungwa kwenye kizingiti. Kesho yake mazoezini, nilipotaka kumshukuru, akaniambia nimechelewa kuingia kwenye ubeti wa pili.

Alituita kwa sauti zetu. Soprano, sogea. Tenori, acha kulala. Alto, meza hiyo peremende. Mimi nilikuwa Soprano, na nilidhani ni heshima mpaka alipokuja Jacinta. Jacinta alikuwa soprano kama mimi. Jacinta aliitwa Jacinta.

Wacha niseme wazi, sina unafiki. Huyo mwanamke nilimwonea wivu siku ya kwanza na sijaacha. Alijiunga na kwaya baada yangu, amemaliza kidato cha nne, ana shingo ndefu na viatu vya kufunga na mkanda. Mimi nilijifunza do-re-mi kwa kusikia tu, kama mtoto anavyojifunza kuongea. Yeye aliisoma kwenye karatasi. Jaji alikuwa akikaa naye kwenye benchi ya nyuma baada ya mazoezi, anamwonyesha hapa pumua, hapa usipumue, na siku moja akampa ule uma aushike. Aushike mkononi. Mimi nilikuwa nafagia ukumbi, na nilifagia sehemu moja mpaka sakafu ikaanza kulalamika. Nilikuwa naangalia macho ya Jaji yakimfuata Jacinta kama mtu mwenye njaa anavyoangalia mwingine akipakuliwa nyama. Sijui kama Jaji alikuwa na njaa. Njaa ilikuwa yangu.

Sifa hakugawa. Akiridhika na mtu, alisema "Endelea", basi. Mimi niliambiwa endelea mpaka nikachoka kuendelea. Jacinta siku moja alimaliza wimbo wa Pasaka, na Jaji akavua miwani, akaifuta kwa tai, akasema, "Hapo sina la kuongeza." Zipporah, ambaye ni alto, na alto yenyewe ni ya kubahatisha, akaniinamia sikioni: "Mama Brayo, umesikia? Hana la kuongeza." Nilisikia. Niko na masikio.

Baadaye Jaji akaacha kufundisha kwaya yetu. Alisema amezeeka kwa kusimama, atabaki na kuhukumu kwa sababu huko kuna kukaa. Jacinta naye akahamia kundi la Lanet, la watu wa zile nyumba mpya, wenye mpiga picha wao na taa zao. Nilimtegea Jaji nione kama ataumia. Akaniambia tu, "Amehama, hajafa."

Kitu kingine kuhusu huyo mzee: hakucheka akihukumu. Nje alicheka vizuri, alikuwa na kicheko cha kukohoa. Lakini ukimletea mchezo wa kuchekesha alikuwa anauangalia kama daktari anayeangalia kidonda. Tukimuuliza, anasema, "Kuchekesha ni kazi ngumu. Nikicheka sitaona mlipoteleza." Na alikuwa na sheria moja iliyotutesa kuliko zote: usiongeze neno. Mchekeshaji akisahau akabuni lake, hata ukumbi uanguke kwa kicheko, Jaji anakata alama. "Mtunzi hakusahau kitu," alikuwa akisema. "Wewe ndiye umesahau."

Basi mwaka ule wa mambo yangu, mashindano yalikuwa ya video. Ugonjwa ulipofunga kumbi tulianza kutuma video, na ulipoisha wenye mashindano wakaona ni rahisi kuliko kuleta mabasi, wakabaki hapo hapo. Kila kundi linaigiza, linajirekodi, halafu siku ya hukumu mnakuja ukumbini Nakuru, majaji watatu mbele, nyinyi nyuma yao, na mchezo wenu unaonyeshwa kwa projekta kwenye kitambaa cheupe. Na wote mnafanya kipande kimoja, ndiyo desturi, ili asiyejua ajulikane.

Kipande kilikuwa opera ya zamani ya Kitaliano ya kuchekesha, iliyowekwa Kiswahili. Opera ni mchezo wa kuimbwa, hakuna kuongea, hata ukitaka maji unaimba. Hadithi yake ni mzee tajiri anayetaka kuoa msichana anayempenda mwingine. Mfanyakazi wa nyumba anajificha kabatini na kumdanganya mzee kwa sauti tatu: sauti yake, ya bibi arusi na ya shangazi mkali. Wimbo wa kabatini ndio roho ya mchezo wote. Ukiuweza huo umeshinda.

Kwa kundi letu la Rhonda, mfanyakazi nilikuwa mimi. Wa Lanet, Jacinta. Kwa hiyo mnaelewa.

Nilifanya mazoezi nikiuza viazi. Wateja walizoea kupimiwa debe na shangazi mkali. Nilitaka kitu kimoja tu: Jaji akae kwenye kile kiti, asikie Jacinta, anisikie mimi, wimbo uleule, neno kwa neno, halafu aseme. Hata angesema nimeshindwa. Lakini aseme akiwa amenisikia baada ya Jacinta, siku hiyo hiyo, bila mtu kuniambia eti Jacinta alikuwa na mafua au mimi nilikuwa na bahati.

Video ya Lanet ilianza. Mmeona nyumba nzuri? Hiyo ilikuwa na ngazi ndani. Kamera iliruka juu ya paa kama ndege, ikaingia dirishani, ikamkuta Jacinta na kilemba cheupe. Kabati lao lilikuwa la ukutani, lenye kioo. Jacinta akaimba sauti zote tatu bila doa, akatoka amenyooka, kilemba hakijasogea. Jaji alikuwa amegeuza kiti upande, sikio ndilo linaangalia kitambaa. Hakutikisika. Mwisho akaandika, akaweka kalamu chini.

Halafu ikaja yetu. Sisi tulirekodi kwa simu ya Onesmo, kijana fundi wa redio, aliyeapa kwamba ameizima mlio na hakuizima. Kabati lilikuwa la Zipporah. Alituazima kwa sharti lisikwaruzwe, na hakutuambia kwamba mlango wake hukwama. Mzee tajiri alikuwa Tito, besi wetu, mtu mnene mpole. Naingia kabatini, naimba sauti ya kwanza, ya pili, nafika kwa shangazi, na hapo mlango unatakiwa ufunguke. Haukufunguka. Nasikia Tito anavuta huko nje. Simu ya Onesmo inaita. Onesmo hajazima kamera, kwa sababu Onesmo hana akili. Nikarudia ubeti. Mlango bado. Nikarudia tena, na ndani kuna dawa ya nondo, macho yanawaka. Mwishowe, kwa sauti ya shangazi na kwa muziki uleule, nikaimba, "Vuta chini, Tito, vuta chini, usivute juu." Hatukuwa na muda wa kurekodi tena, tukatuma hivyo.

Ukumbini watu walicheka mpaka wengine wakasimama. Wa Lanet wenyewe walicheka. Mimi sikuwa naangalia kitambaa, nilikuwa naangalia kisogo cha Jaji. Ubeti wa kwanza niliourudia, kisogo kikainama. Wa pili, akaandika kitu haraka. Nilipofika pale pa kumwimbia Tito avute chini, mlango ukiwa bado umekwama, Jaji akainuka. Akachukua mto wake. Akamwinamia mwenyekiti wa majaji na kumwambia, nasi tulisikia, "Hii siwezi." Akapita kati ya viti, akapita kando yangu bila kuniangalia, akatoka nje kwenye jua.

Mlango wa kabati ukafunguka, nikatoka pale kwenye kitambaa na kilemba shingoni. Hakuna aliyecheka tena. Watu walikuwa wananiangalia mimi wa kwenye kiti.

Majaji wawili waliobaki walimpa Jacinta ushindi. Sisi tukawa wa nyuma kabisa. Kwenye mlango Zipporah akanishika mkono kama mtu wa msiba. "Mama Brayo, pole. Hata mwalimu wako amekukimbia." Kesho yake habari ilikuwa imeenea Rhonda yote, na mtaa wa Kaptembwo pia. Onesmo akakata kile kipande cha kabati akakitupa kwenye simu za watu. Vijana wanakuja kununua viazi, wananiangalia, wanaanza kuficha vicheko: "Mathe, si ni wewe wa kabati? Vuta chini." Nikifungua mdomo kanisani nasikia mtu nyuma anakohoa kwa mtindo wa shangazi. Nikaacha kuimba. Jaji hakuja Rhonda kuuliza sauti iko wapi. Nilimngojea, kisha nikaacha kumngojea, kisha nikimwona mjini nikawa navuka barabara.

Zikapita kama miaka miwili. Tito akafa, presha, ghafla tu. Tukamzika kwao upande wa Gilgil, makundi yote mawili tukaimba kaburini, mimi nikifungua mdomo bila sauti. Wakati wa kurudi basi likasimama Kikopey tule nyama. Waombolezaji wakigusa nyama choma wanakuwa watu wengine. Meza ya tatu Zipporah alikuwa tayari na mbavu mkononi. Karibu na jiko Jacinta alikuwa anawachekesha wa Lanet, na kitambaa cheusi kilimkaa kama cha harusi. Mimi nikajitenga pembeni.

"Soprano, hapa kuna mtu?"

"Kiti ni cha mwenye hoteli," nikasema.

Jaji akaweka mto wake, akakaa. Alikuwa amekwisha kiasi, kola imekuwa pana. Aliagiza ini kwa sababu ya meno. Likaja kwenye ubao na kachumbari, akalikata vipande, akasukuma vitatu upande wangu.

"Mbona hukai na Jacinta?"

"Jacinta anaongea mtu akila."

Tukala. Mimi si mtu wa kuzunguka.

"Ulitoka," nikamwambia.

"Nilitoka."

"Kwa sababu niliongeza maneno."

"Uliongeza maneno mabaya sana. Huyo mzee kwenye mchezo haitwi Tito."

"Mlango ulikuwa umekwama."

"Nilisikia." Akatafuna kwanza. "Jacinta aliimba wote kama ulivyoandikwa, hakuteleza hata mahali pamoja. Wewe ulivunja wimbo katikati, ukarudia beti ovyo, ukamwita marehemu kwa jina lake. Kwa haki, alikushinda. Tena kwa mbali."

Kitu nilichokuwa nimekitaka miaka yote, nikapewa hapo kwenye moshi wa mafuta ya mbuzi, na kilikuwa kichungu kama nilivyodhani.

"Kwa hiyo uliona aibu yangu ukakimbia."

"Nilikimbia kwa sababu nilikuwa nakupa wewe." Alisema akiangalia ini. "Nasikia makosa yote, moja moja, nayajua, na mkono unaandika ushindi. Sijawahi kufanya hivyo. Nikaona mtu wa namna hiyo asikae kwenye kile kiti."

"Na kwa Jacinta ulikaa."

"Jacinta niliweza kumhukumu."

Sikujua niweke wapi mikono. Nikaiweka chini ya meza.

"Wamenicheka miaka miwili," nikasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nikisema kwamba kuna siku nilitaka kupendelea, kila aliyewahi kushindwa mbele yangu, toka Njoro mpaka hapa, ataanza kujiuliza siku yake. Na atakuwa na haki." Akafuta mikono, akaiegemeza mezani. "Lakini wewe umeumia kuliko wao. Ukitaka nisimame sasa hivi niwaambie, nitasimama. Wote wako hapa."

Akaanza kuinuka. Magoti yake yalihitaji muda, kwa hiyo nilipata nafasi ya kuangalia. Nilimwangalia Zipporah, mafuta yanamtiririka kidevuni. Nilimwangalia Onesmo, simu mkononi kama kawaida, tayari kurekodi. Nilimwangalia Jacinta na ile shingo. Nilitaka. Mungu anajua nilitaka waambiwe, wote, kwa sauti ile aliyowaambia watu wa Njoro, na nilitaka nione uso wa Jacinta neno likimfikia. Mzee alikuwa amefika nusu, mkono mmoja umeshika ubao, na kola ile pana inacheza shingoni.

"Kaa," nikamwambia. "Ini likipoa halitafuniki."

Akanitazama kidogo, akarudi chini polepole. Kabla hatujamaliza Jacinta akaja na vicheko vyake, "Mwalimu, mbona umejificha huku?", akavuta kiti upande wa kulia wa Jaji bila kuuliza kama kuna mtu. Na mzee akachukua kisu, akamkatia kipande kikubwa kuliko changu.